Tutoe magongo stoo, tuyafanye ya kuazimana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wasomaji wenzangu, hasa wa Tanga na miji mingine ya pwani, kuhusu vitu vinavyolala majumbani mwetu.

Tumo ndani ya Shaabani. Ukipita barabara za Ngamiani siku hizi utaona makochi yametolewa barazani, mazulia yameanikwa, vijana wamepanda ngazi wanapaka chokaa. Ni desturi yetu nzuri kwamba Ramadhani isiikute nyumba ina buibui darini. Katika usafi huo ndipo yanapoibuka masanduku na magunia yaliyokaa uvunguni mwaka mzima, na mama mwenye nyumba anasimama mlangoni mwa stoo, mkono kiunoni, akijiuliza hiki kikae, hiki kitupwe, hiki apewe nani.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa wodi ya majeruhi wa mifupa, na mpaka leo watu wa mtaani wananigongea mlango nikawasaidie kumgeuza mgonjwa, kusafisha kidonda, au kumfundisha mtu kushuka kitandani baada ya kiharusi. Kwa hiyo nguo na masufuria nawaachia wengine. Nguo zetu zina njia zake tayari: shati la kaka humfikia mdogo wake, likichanika linakuwa dekio. Vitabu vya darasa la saba humfuata mtoto wa jirani. Mimi nataka kusema juu ya vifaa vya wagonjwa: magongo, viti mwendo, fremu za kutembelea, viti vya choo, magodoro ya hewa. Hivi havina njia. Vikishaingia stoo, basi.

Fikirini jinsi vinavyoingia. Kijana wa bodaboda kagongwa pale Kange, kavunjika ugoko. Hospitali wanamfunga plasta ngumu ya P.O.P au wanamwekea vyuma, na siku ya kuruhusiwa anaambiwa asiukanyagie mguu, atafute magongo. Ndugu wanapigiana simu, wanachanga, mwingine anakopa, na magongo yananunuliwa siku ileile kwa bei yoyote itakayotajwa, maana mgonjwa yuko kwenye benchi anasubiri kutoka. Mfupa wa ugoko wa mtu mzima, ukiunga vizuri, huchukua miezi mitatu hadi minne. Wa paja unaweza kufika miezi sita. Baada ya hapo kijana anarudi kwenye pikipiki yake, na magongo yanasimamishwa nyuma ya mlango. Mwaka wa kwanza yapo hapo hapo. Mwaka wa pili watoto wanayachezea. Wa tatu yamehamia stoo, chini ya ndoo za rangi. Na wiki ileile, barabara ya pili tu kutoka hapo, kuna familia nyingine inachangishana kununua magongo mapya.

Hilo ndilo linaloniuma. Kitu kinachohitajiwa miezi minne kinafungiwa miaka kumi. Tena ni kitu kisichochakaa upesi. Gongo la mbao ngumu au la alumini linaweza kuwabeba majeruhi wengi, mmoja baada ya mwingine, mradi raba yake ya chini ibadilishwe.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti inayosema watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, kiwe kiti mwendo, miwani, au kifaa cha kusikia, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Niliposoma takwimu hiyo nilimkumbuka mzee mmoja niliyemhudumia, ambaye alikuwa akienda msalani kwa kujiburuza kwa makalio, viganja amevivalisha ndala ili changarawe zisimchubue. Mzee yule hakuwa anaishi porini. Alikuwa anaishi mjini, katikati ya nyumba ambazo naamini hazikukosa kiti mwendo kimoja kilichokunjwa nyuma ya kabati.

Na visivyolala stoo vinakwenda wapi? Mwaka jana, karibu na soko la Mgandini, nilikutana na mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Juu ya mabati na feni mbovu palikuwa na kiti mwendo kimekunjwa. Nikamwomba yule kijana akishushe nikitazame. Nilikikunjua pale pale barabarani. Kitambaa cha kukalia kizima. Gurudumu la kulia linazunguka bila kukwaruza, la kushoto mpira umepasuka tu. Breki zinashika. Vikanyagio vyote viwili vipo, kimoja bado kina vumbi la kiatu cha aliyekitumia. Nikamuuliza kauziwa na nani. Akaniambia, "Mama, kuna nyumba wanajenga jiko upya, wamesema wanasafisha stoo." Alikuwa amekipima kwa kilo, pamoja na nondo. Nami nikakinunua kwa kilo, kwa pesa isiyozidi ya kitoweo cha siku moja, nikakisukuma mwenyewe hadi kwa fundi baiskeli.

Hapa niseme kidogo kuhusu mafundi hawa, maana Tanga ni mji wa baiskeli na hatuwathamini vya kutosha. Fundi wangu hakuwa amewahi kutengeneza kiti mwendo, lakini alikigeuza juu chini, akavuta mpira, akatafuta unaokaribiana, akakaza spoku zilizolegea, akatia grisi kwenye beringi za magurudumu ya mbele, na nilipotaka kumlipa akakataa pesa ya kazi, akachukua ya mpira tu. Kiti kile leo kiko Mikanjuni kwa bibi mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Ijumaa mjukuu wake humsukuma hadi kwa dada yake, nyumba ya nne, wakala chakula cha mchana pamoja. Kwa muda mrefu kabla ya hapo dada ndiye aliyekuwa akija, naye ana magoti mabovu.

Sasa niulize: kwa nini hatuvitoi? Nimewauliza wengi, na majibu nayaheshimu. Wengine wanaona haya kumpelekea mtu kitu cha mgonjwa, kana kwamba wanampelekea ugonjwa. Wengine wanasema gongo la marehemu lina mkosi, likiingia kwako litakutafutia na wewe sababu ya kulitumia. Wapo wanaosema tuweke, huenda tukalihitaji tena. Huyu wa mwisho ana hoja, na nitamrudia. Kwa wa mkosi nasema hivi: kitanda cha wodini kimelaliwa na watu wasiohesabika, wengine wamekwenda kwa Mola wao kutoka pale pale, na wengi zaidi wameinuka wakaenda makwao. Mimi nimefanya kazi miongoni mwa vitanda hivyo. Hakuna chuma kinachokumbuka.

Lakini lipo jibu moja lililonigusa kuliko yote. Jirani yangu mmoja alifiwa na mume aliyeugua kiharusi muda mrefu. Alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ileile, vitu vya mumewe vikiwa pale pale vilipokuwa. Alipomaliza akaja kwangu. "Dada, nisaidie, ule ukumbi siuwezi." Tukakaa sakafuni tukaanza kutoa kimoja kimoja. Fremu ya kutembelea ya alumini, vishikio vyake vimefungwa kitambaa cha khanga kwa sababu mpira ulikuwa unamchubua mzee. Kiti cha choo na ndoo yake. Godoro la hewa na pampu yake, la kuzuia vidonda vya kulalia, ambalo mtoto wao alilituma kutoka Dar es Salaam. Miwani miwili. Bakora. Mfuko wa rambo umejaa dawa, nyingine zimeanzwa, nyingine hazijafunguliwa.

Nilipomwambia fremu hii ingemfaa mtu kesho asubuhi, akanyamaza, akakifungua kile kitambaa cha khanga, akakikunja, akakifunga tena. Kisha akasema, "Watu watasema nimeharakisha kumtoa mume wangu nyumbani."

Hili halijibiwi kwa haraka, na anayesafisha nyumba ya mfiwa asijidai kujua. Nilimwuliza mambo mawili tu. La kwanza, warithi wameridhia? Maana mtu akifa, mali yake yote, hata fremu na godoro, imekwisha kuwa ya warithi baada ya madeni na wosia, na hakuna hata mmoja, hata mke, mwenye ruhusa ya kukigawa kilicho cha wote kwa moyo wake peke yake. Akapiga simu mbele yangu. Watoto wote wakasema mama fanya, wakaomba kanzu ya Ijumaa na tasbihi zibaki. La pili, nikamwuliza kama angependa kuifanya fremu ile wakfu kwa jina la mumewe, kama watu wanavyoweka msahafu au busati msikitini. Isiwe zawadi ya mtu mmoja. Iazimwe, itumike, irudi, iazimwe tena, na thawabu zake zimfuate mzee huko aliko. Uso wake ulibadilika. Alichukua bakora akaiweka juu ya kabati, akasema hii haitoki. Vingine akavitoa siku ileile.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo ninapotaka kufika. Hapa kwetu hakuna familia ya Kiislamu inayonunua jeneza. Jeneza ni la msikiti. Mtu akifariki vijana wanakwenda kulichukua, linambeba marehemu hadi makaburini, linarudishwa, linamsubiri mwingine. Masufuria makubwa ya pilau ya shughuli ni ya kikundi cha kina mama, na majamvi vilevile. Lipo daftari, yupo mtunza ufunguo, na upawa ukipotea inajulikana aliyeazima mwisho ni nani. Utaratibu huu tumeurithi kwa bibi zetu na hakuna aliyetufundisha semina. Basi kama tumeweza kuazimana jeneza, magongo yanatushinda nini?

Na yule aliyesema tuweke huenda tukayahitaji tena, jibu lake ni hili. Ukiyaweka wakfu mtaani na siku ukayahitaji, yapo, tena yakiwa yametunzwa, na pengine utapata yanayokutosha kuliko yale uliyoyatoa.

Ninachopendekeza ni kitu kidogo. Kila msikiti wa mtaa, kila jumuiya ya kanisa, au kikundi cha kina mama chenye chumba cha kuwekea masufuria, kiongeze kona moja ya vifaa vya wagonjwa na kurasa chache katika daftari lile lile. Kiandikwe kifaa, kimetoka kwa nani, nani kaazima, namba yake ya simu, mtaa wake na mjumbe wake. Asitozwe hata senti. Asiulizwe dini. Miezi mitatu ikipita apigiwe simu, si kudaiwa, bali kuulizwa hali. Mara nyingi simu hiyo ndiyo inayogundua kwamba mfupa haujaunga na mtu ameacha kwenda kliniki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Penye kamati iliyo hai, ishirikishwe, na penye tawi la CHAWATA, chama cha walemavu, lishirikishwe, maana wao wanajua nani amejifungia ndani bila kiti na haoni njia ya kuomba. Hao wenye ulemavu wa kudumu, hata hivyo, wasiazimwe. Wao wapewe moja kwa moja.

Nikitoka hapo naomba niseme kama muuguzi, maana kutoa vibaya kunaumiza.

Magongo yapimwe. Mtu asimame wima, kiatu mguuni. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Mahali pa kushikia pafike usawa wa kifundo cha mkono ulioachwa uning'inie, ili akishika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ubebwe na viganja, si makwapa. Nimewaona vijana waliojitundika kwenye magongo kwa makwapa siku nyingi, mwisho mkono unakufa ganzi, kifundo kinalegea, mtu hashiki hata kikombe, kwa sababu mishipa ya fahamu inayopita kwapani imebanwa. Kaja na mguu uliovunjika, karudi na mkono usiofanya kazi. Halafu ligeuze gongo utazame chini. Raba ikiwa imelika mpaka chuma kinaonekana, usimpe mtu mwenye nyumba ya vigae. Sakafu ikilowa, gongo hilo litamwangusha.

Kiti mwendo nacho kina mwili wake. Mtu akikaa, kiganja kipite pembeni ya nyonga, huku na huku, bila kubanwa na bila kubaki pengo. Miguu ikanyage kwenye vikanyagio. Mtoto wa miaka sita akiwekwa kwenye kiti cha mtu mzima ataegemea upande mmoja kutwa, na mgongo wake utakua umepinda. Mtu aliyeumia uti wa mgongo na hana hisia chini lazima awe na mto mzuri wa kukalia, la sivyo atapata kidonda makalioni ambacho hatakisikia hata kikifika mfupani. Na vile viti vya hospitali vyenye magurudumu madogo magumu mbele vimetengenezwa kwa ajili ya korido. Kwenye mchanga wa mitaa yetu vinazama. Apewe anayekihitaji ndani, penye sakafu. Kwa sababu hizi, kiti mwendo kisikabidhiwe kwa kukisia. Kabla ya kumpa mtu, mpelekeni pamoja na kiti chake kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali iliyo karibu, amkalishe, amtazame.

Usafi ni rahisi. Oshea maji ya sabuni kwanza mpaka uchafu utoke, halafu Jiki. Ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Lowesha kitambaa, pangusa kila mahali, acha dakika kumi, kisha suuza kwa maji safi na ukaushe, maana ukiiacha inakula chuma. Godoro la hewa lijaze jioni, ulitazame asubuhi. Likinywea lina tundu. Godoro la sifongo lililoingiwa na mkojo halioshiki ndani, usimpe mtu, hata akikuomba. Miwani ipelekeni kliniki ya macho, msigawe barazani kwa kujaribishana.

Na dawa, tafadhali sana, dawa zisigawiwe. Nasema kwa sababu ule mfuko wa rambo niliuona katika kila nyumba niliyoingia, na kila mara yupo jirani anayesema, "Hizo za presha nipe mimi, natumia kama hizo." Pengine si kama hizo. Pengine ni hizo hizo lakini nguvu yake mara mbili. Hujui zilikaa kwenye joto gani. Insulini iliyolala dirishani wiki nzima inaweza kuwa imepoteza nguvu, na anayejichoma anadhani amejitibu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya misaada ya dawa, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, inakataza kabisa kutoa msaada wa dawa zilizokwisha kukabidhiwa mgonjwa zikarudi. Zirudisheni hospitali au duka la dawa, waulizeni namna ya kuziteketeza. Msizitupe chooni wala jalalani ambako watoto wanaokota.

Kuna jambo jingine, nalo linanikera na sitalificha. Nimeshuhudia mtu mwenye uwezo akileta kiti mwendo kwa mama mmoja, amekuja na bango na wapiga picha. Kiti hakikuwa na vikanyagio. Tairi moja imeshikiliwa na waya. Mama akakalishwa, miguu ikaburuzika chini, akaambiwa atabasamu, picha zikapigwa, na jioni sura yake ilikuwa imesambaa kwenye simu za mji mzima. Kesho yake kiti kile kikawa cha kuanikia nguo. Mama yule hakuwahi kuulizwa kama anataka kupigwa picha, wala kama kiti kinamfaa. Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia vilivyo vibaya tukavitoa, vitu ambavyo wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Na Wakristo nao wanalo la kwao katika Injili ya Luka, kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Haikusema ampe iliyochanika.

Kwa hiyo ukikuta kiti kibovu stoo kwako, usiogope kukitoa, ila kipitishe kwa fundi kwanza. Kama huna pesa ya fundi, sema hivyo wazi unapokikabidhi, kikundi kitatafuta. Na kama kimekwisha kabisa, kifungue; vikanyagio vyake, breki zake na magurudumu ya mbele vitakitengeneza kingine. Mwanzoni mwa mwaka huu fundi wangu ametoa kiti kimoja kinachokwenda kutoka kwenye viwili vilivyokuwa havisogei.

Najua wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali. Ni kweli serikali ina wajibu, na tusiache kuidai: hospitali kumruhusu mtu mwenye mguu uliofungwa bila kumhakikishia magongo si sawa, na ningependa kuona kila hospitali ya wilaya ikiwa na ghala la vifaa vya kuazimwa lenye mtu anayelisimamia. Lakini magongo yaliyo nyuma ya mlango wangu hayamngojei waziri. Yananingoja mimi niyatoe.

Kikundi chetu cha kina mama hapa mtaani kimekwisha kukubali. Tumetenga kona katika chumba cha masufuria na kununua daftari. Yule jirani yangu ndiye mtunza ufunguo, aliomba mwenyewe. Fremu ya mumewe sasa iko kwa mwalimu mstaafu aliyevunjika nyonga, anaizungushia uani asubuhi na jioni, na kile kitambaa cha khanga bado kiko kwenye vishikio.

Nakuomba, Ndugu Mhariri, Ramadhani hii utenge mistari michache katika ukurasa wako wa matangazo, bila malipo, kwa vikundi vitakavyoanzisha utaratibu kama huu, vitaje mtaa na siku vinapopokea vifaa. Wasomaji mnaosafisha stoo wiki hii, magongo msiyatenganishe, yaleteni mawili mawili, na kama kuna nati au bolti iliyodondoka itafuteni sakafuni kabla hamjafagia. Na wenye maduka ya vifaa tiba, tunaomba mtuuzie raba za magongo kwa bei ya jumla. Hizo ndizo zitakazotuishia haraka.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga